Kitabu Alichokichagua Aika

Yuditha alikuwa mtu wa kununa, na anayesema hivyo hamsingizii. Pale Kwa Sadala, kwenye studio yake iliyobanwa kati ya duka la pembejeo na kibanda cha mitumba, mteja alipokelewa kwa jicho kabla ya salamu. "Inua kidevu. Nimesema kidevu, sijasema pua. Mbona umekunja sura, nimekukosea nini?" Na anayeuliza hivyo, sura yake mwenyewe imekunjwa kuliko ya mteja. Watu walicheka baadaye, wakishatoka nje na bahasha mkononi, maana picha zilikuwa nzuri na hakuna aliyewahi kutoka kwa Yuditha amefumba macho.

Jina lake lilijengwa na misiba. Huku mlimani picha ya msiba si ya marehemu, ni ya waliokuja. Mtu atasafiri kutoka Dar es Salaam, atasimama kaburini na viatu vyake vya mjini vimejaa udongo, na mwaka mzima baadaye atakachokumbuka ni kama alionekana au hakuonekana. Akijitafuta kwenye picha ya ukoo asijione, huyo amepata kisa, na kisa hicho atakilea kama mtoto. Yuditha alilijua hilo kuliko hata mchungaji. Alipanda kwenye stuli, akapaza sauti juu ya vilio, akawaamrisha mpaka wazee: "Wewe wa koti la kahawia, toa kichwa nyuma ya shemeji yako! Mama wa kitenge, sogea, unamfunika mkwe!" Walimchukia hapohapo, na msiba uliofuata wakamwita tena.

Ufundi huo aliupata ujanani katika studio ya Manpreet, Singasinga mmoja wa Moshi mjini, aliyefundisha kwa kukugonga vidole na rula. Alijifunza vizuri sana, ila na kufundisha nako alikujua kwa namna hiyo hiyo moja. Wasichana aliowahi kuwachukua studio walidumu muda mfupi, wakaondoka wakilia, na kila aliyeondoka Yuditha alimsindikiza kwa msonyo.

Mumewe alikuwa Amon, mkulima wa kahawa na ndizi huko juu Machame, mtu mpole ambaye watu walijiuliza alimpataje huyu, au huyu alimpataje yeye. Walipata mtoto mmoja tu, Aika. Aika alichukua sura ya baba. Mikono na ulimi alivichukua kwa mama, na hapo ndipo matatizo yalipotokea.

Aika alimaliza chuo Dar, akakaa mwaka bila kazi, akarudi nyumbani na kamera aliyoinunua kwa mtu. Akaiweka mezani wakati wa chakula. "Mama, nataka kupiga picha. Siyo za simu. Kazi kabisa."

Yuditha alifurahi. Alifurahi mpaka mtori ukamkwama kooni. Lakini furaha yake haikujua njia nyingine ya kutokea, ikatoka kama ugomvi. "Na mikono hiyo? Jana tu umemwaga maziwa."

"Mnunulie kitabu," alisema Amon haraka, kabla binti hajajibu. "Cha wanaoanza. Kwa sababu ukimfundisha wewe, mama Aika, nitazika mmoja wenu."

Basi wakateremka Moshi mjini, mama na mwana, kwenda dukani kwa Mansukhlal. Duka hilo liliuza madaftari, Biblia na vifaa vya ofisi, na nyuma kabisa kulikuwa na rafu za vitabu vya mkono wa pili. Mzee Mansukhlal alimjua Yuditha tangu enzi za Manpreet, na alimwogopa kidogo, kama watu wengi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Yuditha. Bado unagombana?"

"Nagombana na nani? Tafuta kitabu. Cha kumfundisha mtu picha, mtu asiyejua kitu."

"Najua vitu vichache," alisema Aika.

"Asiyejua kitu," Yuditha akarudia.

Mansukhlal alileta vitatu, akavipanga juu ya kaunta ya kioo. Cha kwanza kilikuwa kinene, kimejaa michoro ya aina moja ya kamera na vitufe vyake. Yuditha alikifungua, akakifunga. "Hiki ni kitabu cha vitufe. Kamera hii ikifa, na kitabu kimekufa. Ondoa."

Cha pili kilikuwa kikubwa, karatasi zake zinateleza, kimechapishwa Ulaya. Kila ukurasa una uso mmoja, uso mzuri, na nyuma yake rangi zimeyeyuka kama siagi juani. Aika alikivuta kwake na hakukiachia tena.

Cha tatu kilikuwa chembamba, cha Kiswahili, jalada limepauka, picha zote nyeusi na nyeupe. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wa studio ndogo. Yuditha akakifungua katikati, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukalegea. Kila ukurasa ulikuwa na picha mbili. Moja mbovu na moja nzuri, za watu walewale, na chini yake maneno machache ya kueleza ile mbovu imeharibiwa na nini. Bwana harusi amekatwa miguu. Bibi amepigwa na jua usoni mpaka macho yamepotea. Watoto wa shule, safu ya nyuma haionekani. Kisha zoezi: nenda ukapige watu kumi, uhesabu nyuso kabla ya kubonyeza.

"Hiki," alisema Yuditha.

"Hiki," alisema Aika, ameshika cha pili.

"Hicho hakina picha mbovu hata moja. Kitabu kisicho na picha mbovu ni cha kujisifu, si cha kufundishia. Utajifunza nini kwa mtu ambaye hajawahi kukosea?"

"Nitajifunza kupiga picha ambazo mtu anataka kuziangalia."

"Na weusi wako wapi humo? Mwanga wa ngozi yetu nani amekufundisha?"

"Yupo mmoja, huyu hapa."

"Mmoja! Tena amepewa kisogo!"

Mansukhlal alikohoa. "Yuditha, mwanafunzi anayependa kitabu chake anakisoma. Chukua vyote viwili, hiki chembamba nakuongezea bure."

Lilikuwa shauri la busara, na kama mambo yangeishia hapo tusingekuwa na hadithi. Lakini Yuditha alisikia neno moja tu ndani yake, kwamba kitabu chake hakiwezi kupendwa, akawaka. Alimwambia Mansukhlal auze madaftari. Alimwambia Aika kwamba anapenda vinavyong'aa kwa sababu hana macho. Wateja wawili waliokuwa wanachagua kalamu wakaacha kuchagua.

Hapo Aika akasema lake. Hakupandisha sauti. "Mama, picha zako zote zinafanana. Umewapanga watu kama kreti za soda. Hakuna hata mmoja anayeonekana ni nani."

Kuna maneno ambayo mtu akiyasema mbele ya watu hayarudi. Miaka yote ya kupanda stuli, miaka ya kumtafutia kila shangazi nafasi yake, na mtoto wake wa kumzaa anaiita kreti za soda, mbele ya Mansukhlal, mbele ya watu wa kalamu. Yuditha aliumia kweli. Mtu mwingine angelia, yeye alikiweka chini kile kitabu chembamba taratibu, akakisukuma mbali.

"Nunua cha kwako," alisema. "Lakini usije kuniuliza kitu. Hata kimoja."

Angekuwa mtu wa kusahau, maneno hayo yangeisha kabla hawajafika nyumbani. Yuditha hakuwa hivyo. Aika alipokwama siku moja, picha zote zikitoka nyeusi, alisimama mlangoni mwa studio na kamera mkononi na kuuliza mara moja tu. Mama yake aliendelea kukata picha za pasipoti kana kwamba mlangoni hakuna mtu. Aika hakuuliza tena. Wakawa wanaishi nyumba moja kama wapangaji wasiopatana, salamu asubuhi, kimya mpaka usiku, na Amon katikati anawabebea maneno: mwambie mama yako, mwambie mwanao. Kila Aika alipopita na ile kamera shingoni, Yuditha alimkata jicho. Hakujua tena kumwangalia vinginevyo.

Kisha Amon akaugua. Ugonjwa haukumchukua muda mrefu. Alikufa wakati migomba imelemewa na mikungu, na walimzika kwenye kihamba, shamba lake mwenyewe la nyumbani, sehemu ya juu karibu na mfongo unaoleta maji, mahali alipopenda kukaa akipumzika. Yuditha alilia kaburini mpaka watu wakashangaa. Hawakujua kama machozi alikuwa nayo.

Aliyekuwa anapima kwa macho wakati wengine wanalia alikuwa Melkior, kaka mkubwa wa Amon. Shamba lake lilipakana na la marehemu, na ile sehemu ya juu yenye maji aliitamani tangu baba yao alipowagawia. Sasa mdogo wake amekufa na ameacha mtoto wa kike peke yake. Melkior alianza kusema pole kwa sauti ya mtu anayesubiri zamu yake.

Mzee wa ukoo, Ebenezeri, ambaye wote walimwita Meku, aliliona hilo mapema. Siku ya kumaliza msiba, watu wakiwa bado hawajatawanyika, alitangaza kwamba mpaka wa mjane utapandwa leo leo, kwa miche ya masale, kila mtu akishuhudia, na kaburi libaki upande wa mjane. Katika ukoo huo mpaka wa masale una sharti lake. Sale ni jani la amani. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea, na akilipokea yameisha. Kwa hiyo anayepandiwa mpaka lazima awe na moyo mweupe saa ile. Ukipandwa mwenyewe akiwa na hasira, hauhesabiki.

Meku akainama, akaanza kuchimba kwa jembe dogo. Yuditha alisimama mbele yake, na ukoo mzima ukasimama nyuma ya Yuditha. Melkior mwenyewe alikuwa hapo nyuma, ameshika mche wa pili mkononi, anasubiri kuutoa. Mjane hawezi kupanda stuli siku ya mumewe. Aliyepiga picha alikuwa Aika.

Aika alipiga goti karibu kabisa na mama yake, kamera imemwelekea usoni. Na Yuditha alijua. Aliona lenzi ilivyo, akajua tundu la kuingizia mwanga limeachwa wazi kabisa, kama kitabu kile kinavyopenda, na kwamba kitakachoonekana ni uso wake tu. Wote waliosimama nyuma watayeyuka. Alichotakiwa kusema kilikuwa kidogo: rudi nyuma, panda juu, punguza tundu. Angeweza kukisema kwa kunong'ona. Badala yake alifunga mdomo na kumwangalia mwanawe kwa chuki yote aliyokuwa nayo, na akafurahia moyoni kwamba ataharibu. Ndivyo alivyosimama mbele ya kaburi la Amon.

Kamera ikabonyezwa. Meku akainuka, akafuta udongo mikononi, watu wakapiga makofi.

Picha ile Aika aliituma kwenye kundi la ukoo, na walioko Dar na Arusha wakaisifu mno. Huzuni ya mjane, waliandika. Macho yanaongea. Shangazi Leonia peke yake ndiye aliyeuliza yeye yuko wapi, na kijana mmoja akamjibu kwamba nadhani ni huo ukungu wa kijani, shangazi. Yuditha aliitazama mara moja tu. Alijua ile si huzuni, akanyamaza, na Aika naye hakusema neno. Muda si mrefu Aika akapata kazi kwenye studio moja ya Arusha, akahama.

Mvua zilipokwisha, Yuditha alipanda kule juu kupalilia kaburi akakuta masale yameng'olewa. Mengine yalikuwa yamepandwa chini zaidi, karibu na nyumba. Kaburi la Amon lilikuwa upande wa Melkior, na mbuzi wa Melkior amefungwa jirani nalo.

Alikwenda mpaka mlangoni kwa shemeji yake. Melkior alimkaribisha kiti. Yuditha hakukaa.

"Mpaka upi, mama Aika?" alisema Melkior. "Ule uliukataa mwenyewe. Picha si tunayo?"

Hapo ndipo Yuditha alipoelewa alichotengenezewa. Alitukana, alitukana vizuri, mpaka majirani wakatoka. Lakini alirudi nyumbani akiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Nyumba angebaki nayo, hata Melkior hakuidai. Alichokitaka Yuditha ni pale pembeni ya Amon, nafasi ya mtu mmoja, ambayo alikuwa ameshaichagua kwa macho siku ile ile ya mazishi. Sasa angezikwa wapi? Karibu na banda la kuku?

Kikao kikaitishwa baada ya Krismasi, ukoo wote ukiwa umerudi mlimani. Walikaa uani kwa Meku, mbege imefunikwa pembeni, hainywewi mpaka neno liishe. Melkior alikuja na ile picha. Alikuwa ameichapisha kubwa na kuitia fremu.

"Mimi si mtu wa ugomvi," alianza, na Yuditha akasonya. "Nauliza tu. Mpaka wa sale unapandwa na moyo wa namna gani? Sasa tazameni. Huyu ndiye aliyekubali? Huyu angeweza, angetumeza wote na jembe letu."

Fremu ikazungushwa. Watu wakainama kuitazama, na kweli uso ule ulikuwa mbaya. Sasa walipoambiwa si huzuni, hakuna aliyeweza tena kuiona huzuni.

"Na wewe, Melkior?" Yuditha alisimama. "Wewe si ulikuwa nyuma yangu, umeshika mche mkononi? Ungeushikaje mche wa mpaka uliokataliwa?"

Melkior akaileta fremu karibu na macho yake, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano. "Nionyesheni jamani. Mimi ni kipi humu? Hiki cha kahawia au hiki cha kijani?"

Vijana wakacheka. Meku akagonga fimbo chini.

"Nani alishika mche si hoja, hoja ni moyo wa mjane. Mimi nilikuwa nimeinama," alisema mzee. "Uso wako sikuuona, mke wa Amon. Wengine?"

"Tulikuwa nyuma yake," walisema wengine.

"Basi useme mwenyewe. Siku ile ulikuwa na hasira, au hukuwa nayo?"

"Ilikuwa huzuni," alisema Yuditha.

Shangazi Leonia akatikisa kichwa. "Huzuni yako tuliiona kaburini, wifi, ulipolia. Hiyo ni kitu kingine. Usitudanganye."

Yuditha aliwatazama wote waliokaa pale, watu aliowapanga na kuwafokea kwenye misiba yao yote, na hakuona hata mmoja wa kumsaidia. "Nilikuwa na hasira," alisema. "Lakini si na mpaka. Nilikuwa namwangalia Aika."

Uani pakawa na minong'ono. Meku aliuliza kama alisikia vizuri. Mwanao? Siku ile? Alikukosea nini?

"Kitabu," alisema Yuditha. "Alichagua kitabu nisichokipenda. Cha kujifunzia picha. Tuligombana dukani."

Melkior hakuhitaji kuongeza kitu, lakini aliongeza. "Mnasikia! Mama mzazi amtazame hivi mtoto wake wa pekee, udongo juu ya baba yake haujakauka, kwa sababu ya kitabu! Mama Aika, ungetafuta uongo ulio na nguo."

Na walikuwa pamoja naye. Yuditha aliliona hilo kwenye nyuso zao. Ukweli wake ulikuwa mchafu kiasi kwamba hakuna aliyetaka kuusadiki.

"Aika yuko wapi?" aliuliza Meku.

Alikuwa jikoni na wanawake wengine, amefika jana yake kutoka Arusha. Alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akamwamkia mzee, akasimama mbali na mama yake.

"Ulipopiga picha hii, mama yako alikuwa anamwangalia nani?"

"Mimi, babu."

"Anamtetea mama yake," alisema Melkior.

"Simtetei." Aika alitoa simu mfukoni. "Kile kitabu nilichokinunua kilikuwa na zoezi. Chagua mtu mmoja wa nyumbani, umpige kila siku mpaka uujue uso wake. Baba alikuwa kutwa shambani. Nikamchagua Mama. Zote nimezihifadhi humu."

Akampa mzee simu. Macho ya Meku hayakuwa mazuri, Shangazi Leonia akakaa karibu naye kumsogezea picha kwa kidole. Yuditha anamenya ndizi. Yuditha mlangoni mwa studio na mkasi mkononi. Yuditha anatoka kanisani, kitabu cha nyimbo kifuani. Yuditha na mwavuli, Yuditha na ndoo, Yuditha anapita kitandani kwa Amon na uji. Kila moja ameinua macho kuelekea kamera, na kila moja ni jicho lile lile la kwenye fremu.

Shangazi Leonia alisogeza, akasogeza, halafu akaacha na kuweka mkono mdomoni. Simu ikapita kwa mtu wa pili, na wa tatu. Ilifika kwa Melkior, naye akaangalia kwa muda, akaipitisha.

"Siku zote hizi?" aliuliza Meku.

"Siku zote, babu. Ile ya kaburini haina tofauti na nyingine. Angekuwa ameuchukia mpaka ningejua, maana sura yake naijua. Ile ilikuwa yangu."

Mzee aligonga fimbo tena. Kisha akasema mpaka ulipandwa sawasawa, na Melkior ataurudisha leo kwa mikono yake, na mbuzi wake amwondoe pale kabla watu hawajafika. Melkior akainuka na kwenda kumfungua. Watu wakapumua, mtu akafunua mbege.

Simu ilifika kwa Yuditha mwisho. Aliishika kama fundi kwanza, hakuweza kujizuia. Zile za mwanzo zilikuwa nyeusi, zimepinda. Za katikati nyuma kumeyeyuka. Lakini za mwisho, kabla binti hajahamia Arusha, kila kitu kilisomeka, majani ya migomba, kuku, jirani aliyepita kwa mbali na mzigo wa majani kichwani. Aika alikuwa amejifunza mwenyewe kupunguza tundu, bila mtu wa kumuuliza. Mwanga kwenye ngozi ulikuwa mzuri kuliko alivyowahi kuuweka yeye. Kisha akaacha kuangalia mwanga. Alirudi nyuma, picha moja baada ya nyingine, akitafuta hata moja ambayo anamwangalia mtoto wake kama mtu anavyomwangalia mtoto wake. Alifika mwanzo bila kuipata.

"Umezipiga vizuri," alisema.

Aika alinyoosha mkono. "Nipe simu yangu, Mama. Kuna gari la Arusha linanisubiri barabarani."

"Huji kuona wakipanda?"

"Nimeshaona mara moja."

Yuditha akampa. Aika akaaga wazee kwa adabu, mmoja mmoja, akachukua begi lake jikoni, akateremka njia ya migomba.

Ukoo ulikuwa umeshaanza kupanda kwenda juu, na majembe, na kelele, mbege imewachangamsha. Wakamvuta Yuditha katikati yao, wakamsimamisha penye mpaka, kaburi la Amon upande wake kama alivyotaka. Melkior akapiga magoti na kuchimba. Watu walitoa simu zao kila upande, maana safari hii hakuna aliyetaka ubishi.

"Mama Aika," aliita Meku, "moyo mweupe, watu waone! Tabasamu!"

Yuditha aliinua uso akawatazama. Akaitafuta kamera ya mwanawe katikati ya simu zote zile, ingawa alijua imekwishaondoka, kisha akatabasamu kama alivyoagizwa.